Kisu cha kukunja cha mfukoni: pima unene wa ubapa kabla hujauliza jina la chuma

Wakuu habari za mihangaiko.

Swali la kisu cha mfukoni linarudi kila baada ya muda na majibu yanakuwa yaleyale, mtu anatupia picha ya kisu cheusi tii kina meno mgongoni, kina kinyundo cha kuvunjia kioo cha gari, kina na tochi, alafu anakwambia chukua hiki hutajuta. Mi nakataa. Kukiangalia kinapendeza, sibishi, ila kipe chungwa umenye uone, kitalipasua maji yote yaishie kwenye suruali.

Hoja yangu ni moja tu na ntaizunguka kidogo kwa sababu ina mambo mengi: kinachokata ni wembamba. Chuma kizuri kazi yake ni kufanya makali yadumu, basi. Kama ubapa ni mnene pale nyuma ya makali, hata uwe wa chuma cha bei mbaya kiasi gani utakuwa unasukuma kitu badala ya kukikata, na kadri unavyokinoa ndo unazidi kupanda kwenye sehemu nene.

Kazi yangu ni sola, niko Tanga, nazunguka mpaka Pangani na vijiji vya pwani huku, na kisu kiko mfukoni kila siku ya Mungu. Kinachokatwa ni mikanda ya plastiki ya maboksi ya betri, maboksi yenyewe, zip tai, ganda la kebo, kamba, mchana chungwa la Muheza au embe, jioni boflo. Hakuna simba hapo. Hakuna kuvunja kioo cha gari. Na nina uhakika asilimia kubwa ya mnaosoma hapa matumizi yenu ni hayohayo, toa kebo weka vitunguu.

Sasa ukienda dukani usianze kuuliza bei, kifungue kisu ukiangalie kwa mbele, ncha ikiwa inakuelekea wewe (taratibu jamani), uone mgongo una unene gani na unanyweaje kushuka kwenye makali. Visu vingi vya kikomando mgongo ni milimita 3 mpaka 4, na vingine vimekaa hivyohivyo vinene mpaka karibu na makali ndo vikachongwa ghafla. Utaviona tu, ile mchongo wa makali unakuwa mpana na unang'aa kama reli. Kisu cha kukatia vitu vya kawaida mgongo milimita 2 inatosha sana na ikipungua hapo ni raha zaidi. Hii ndo sababu kisu cha jikoni cha bei ya kutupa, chuma laini kabisa, kinakata nyanya wakati kile cha kikomando kinaiponda.

Visu ambavyo mimi naviheshimu ni vya zamani kuliko sisi wote humu.

Cha kwanza Opinel, cha Ufaransa. Jamaa anaitwa Joseph Opinel alianza kuvitengeneza Savoie mwaka 1890, mpini wa mbao, ubapa, msumari, pete. Vimepangwa kwa namba za ukubwa, mwanzo ilikuwa 1 mpaka 12, baadae wakaitoa namba 1 na 11. Namba 8 ndo inayobebwa na watu wengi, ubapa sentimita 8.5, unene haufiki milimita 2, na uzito wake ni kama hujabeba kitu. Ile pete ya kuzungusha inayozuia ubapa usijifunge waliiongeza mwaka 1955, kabla ya hapo kilikuwa kinashikiliwa na ubanaji wa mbao tu. Kwa kukata, hiki kisu kinavifanya visu vya dola 150 vionekane vichekesho. Ubaya wake uko kwenye mbao, ikilowa inavimba na ubapa unagoma kutoka. Wenyewe Wafaransa wana ujanja wao, unagonga kisigino cha mpini kwenye meza au jiwe, ubapa unachomoza kidogo unaudaka. Inafanya kazi kweli, nimeifanya sana kipindi cha masika.

Cha pili ni hiki chekundu cha Uswisi ambacho kila mtu anakijua. Victorinox ilianzishwa na Karl Elsener kule Ibach mwaka 1884, mwaka 1891 ndo wakaanza kulipelekea jeshi la Uswisi visu, na kile cha maofisa ambacho ndo baba wa hivi vyekundu kilisajiliwa mwaka 1897. Watu wanakidharau eti hakina loki ya kuzuia ubapa usijifunge. Wakuu, kwa fundi umeme ile ya mpini wa alumini ya milimita 93 inayoitwa Pioneer ina ubapa mmoja, kifungua kopo ambacho kichwani ni bisibisi, kifungua soda chenye bisibisi pana na sehemu ya kuvulia ganda la waya, na msharasi wa kutobolea. Sijaona unachohitaji zaidi ya hapo ukiwa juu ya bati. Chuma chake ni laini kidogo, 56 kwenye kipimo cha ugumu cha Rockwell, na wamefanya hivyo makusudi, kinanoleka kwa dakika chache na kutu hakijui.

Cha tatu ni Okapi. Hiki vijana wengi hawakijui lakini waulize wazee waliofanya kazi Zambia au Afrika Kusini. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni yao Afrika, wakakipa jina la yule mnyama wa msitu wa Ituri Kongo ambaye wazungu walikuwa ndo kwanza wamemwandika kwenye vitabu vyao. Mwaka 1988 utengenezaji ukahamia Afrika Kusini na mpaka leo viko. Mpini wa mbao una nyota na mwezi mwandamo wa bati, mgongoni kuna kipete unachovuta ili ukifunge, na ukikifungua kinalia krr krr krr. Ubapa mwembamba, chuma cha kaboni, bei ya mwananchi. Mi nakipenda ila sikibebi, sababu ntaeleza huko chini kwenye mambo ya polisi.

Tukija kwenye chuma, kwa vile najua mtaniuliza tu. Herufi na namba za vyuma vya China zinajieleza zenyewe ukijua kuzisoma. 3Cr13 maana yake kaboni kama asilimia 0.3 na kromiamu 13. 8Cr13MoV ni kaboni kama 0.8. Kaboni ndo inaleta ugumu, kromiamu ndo inazuia kutu. Kwahiyo cha 3Cr13 kitakuwa laini, kitanoleka kirahisi na kitakuwa butu kabla ya saa sita mchana. Cha 8Cr13MoV kwa bei yake ni kizuri sana, sina tatizo nacho. 14C28N ya Sweden ukiipata chukua. Ukikuta kimeandikwa "440" tupu bila herufi mbele usijenge matumaini, maana A na C hapo ni vyuma viwili tofauti, C ina kaboni inayozunguka asilimia 1 na A iko chini ya hapo mbali. Na kikiandikwa "Stainless" tu bila kitu kingine, hicho ni kisu cha kukatia keki ya birthday.

D2 inasifiwa sana na wachina wanaiweka kila mahali. Ni ngumu, makali yanadumu, lakini mtu wa pwani aisikilize kwa makini: ina kromiamu kama asilimia 12 na watu wanaona si inatosha, kumbe sehemu kubwa ya ile kromiamu imeungana na kaboni ndani ya chuma haipo huru kupambana na kutu. Huku kwetu upepo wa chumvi, D2 ukiilaza na jasho inaamka na madoadoa.

Loki sasa. Visu vya springi tu bila loki, kama vya Uswisi, havina shida yoyote kama unakata, shida inakuja ukichoma au ukigeuza kukandamiza mgongo, hapo kitajifunga kwenye vidole vyako. Kile cha bati la ndani linaloruka kuzuia ubapa, wenyewe wanaita laina loki, ndo kimejaa madukani. Ukikishika fanya hivi: kifungue, angalia lile bati limekamata kisigino cha ubapa kwa kiasi gani, likiwa limeshika pembeni kabisa kiuzi tu rudisha, likiwa limevuka mpaka upande wa pili rudisha pia, maana hilo limeshalika. Alafu shika mpini huku vidole vimekaa mbali na njia ya ubapa, kandamiza mgongo wa ubapa kwenye ukingo wa meza. Kikijifunga mwachie muuzaji kisu chake. Mwisho tikisa ubapa juu chini na kulia kushoto, ukicheza kulia kushoto inaweza kuwa skrubu imelegea, ila ukicheza juu chini usipewe maneno.

Vya loki ya mgongoni vya Marekani kama Buck 110 ya mwaka 1964 ni vigumu hasa, loki yake siilaumu, ila uzito wake ni kama gramu 200. Vaa na bukta uone.

Klipu ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Kampuni ya Spyderco ndo ilileta mwaka 1981 kisu chenye klipu ya kuning'iniza mfukoni na tundu la kufungulia kwa dole gumba, tangu hapo wote wakaiga. Kisu kikielea chini ya mfuko pamoja na funguo na sarafu utakitafuta mpaka ukasirike na siku ya tatu kinabaki nyumbani. Ila klipu inaonekana kwa nje, na hili nalo lina mambo yake.

Karibuni kwa maswali, matusi baadae.

*

Kinoo Butu: Mkuu umeandika vizuri ila hapo kwenye Victorinox umeruka jambo. Vyekundu vimejaa mtaani, Kariakoo unapewa kwa bei ya soda mbili tatu, tutajuaje orijino?

Mleta uzi: Angalia kwenye kisigino cha ubapa, pale unapoingia kwenye mpini, orijino imechongwa jina la Victorinox na Swiss Made na mara nyingi neno Rostfrei au Stainless. Maandishi yamekaa safi hayajapinda. Alafu fungua kila kifaa kimoja kimoja usikie, kwenye orijino vyote vinakupa ubishi wa kulingana na vinafika mwisho kwa mlio mmoja, cha feki kimoja kigumu mpaka kucha inang'oka, kingine kinaning'inia. Kingine, funga vyote uangalie kwenye mwanga, katikati ya vyuma kukiwa na nafasi za kupitisha kadi ya simu, hicho kimezaliwa mbali na Uswisi. Kwa miaka mingi kampuni mbili ndo zilikuwa zinalipelekea jeshi lao visu, Victorinox na Wenger, na mwaka 2005 Victorinox ikainunua Wenger. Kwahiyo ukikuta chekundu chenye msalaba na jina lingine lolote la ajabuajabu unajua unanunua nini. Sikuambii usinunue, kifungua soda chake kitafanya kazi.

Baharia wa Kigombe: Sisi wa ngalawani unatushauri nini? Kisu kinalala na maji ya chumvi na magamba ya samaki. Nimeshavizika vingi.

Mleta uzi: Kaka, kuna vyuma vinavyotumia naitrojeni kuchukua nafasi kubwa ya kaboni, kama H1 na LC200N, Spyderco wana visu vyao vya baharini vya namna hiyo, kutu utaitafuta kwa tochi. Ila bei yake unanunua nyavu. Kwa uhalisia wa kwetu chukua Opinel ile ya chuma kisichoshika kutu (imeandikwa Inox, ile ya Carbone iache) au kisu cha Uswisi, na ukitoka majini kiloweke kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, kifungue na kukifunga humohumo mara kadhaa, kianike kikiwa wazi. Chumvi ikikaukia kwenye bawaba ndo kifo chenyewe, ubapa unaweza ukawa unang'aa lakini ndani kumeshaoza. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba. Kwenye ubapa unaokatia chakula usipake hayo, pakaa vaselini kidogo sana au mafuta ya nazi, ila ya nazi ukiyaacha muda mrefu yanaganda na kunuka.

Na kusema ukweli kwa kazi ya kuparua samaki kisu cha kukunja sio sahihi kabisa, uchafu unaingia kwenye mpini na hautoki. Kisu kisichokunjika chenye ala. Cha kukunja kiwe cha kamba na chungwa.

Jirani wa Mombasa: Niaje wazee. Huku kwetu kuna hawa mafundi wa kunoa na baiskeli, anapiga pedali jiwe linazunguka. Naweza mpatia kisu yangu ya kukunja ama ataniharibia?

Mleta uzi: Kisu cha jikoni na panga mpe, anakuokoa. Cha mfukoni usimpe. Lile jiwe ni la kukwangua, linakula chuma kingi kwa mara moja, na kisu kidogo chembamba hakina chuma cha kupoteza. Pili ni moto. Kisu kimepikwa kiwandani kwa joto maalum, vyuma hivi vya kawaida ukivipitisha kama nyuzi 200 na kuendelea vinaanza kulainika, na pale kwenye makali kabisa ni pembamba kiasi kwamba joto linapanda haraka kuliko unavyodhani. Grainda ndo mbaya zaidi, ukiona makali yamegeuka rangi ya bluu hapo yalishafika nyuzi kama 300, hayatashika tena ukali mpaka ukwangue ile sehemu yote.

Fanya hivi nyumbani. Msasa wa maji, namba 400 na namba 1000, ulaze juu ya kipande cha kioo au kigae, lowesha. Laza ubapa, uinue mgongo kidogo tu, digrii 15 mpaka 20, kama huna pa kupimia weka sarafu mbili chini ya mgongo uone inavyokaa kisha zitoe. Vuta kuelekea mgongoni, usisukume makali mbele yatachana msasa. Rudia upande mmoja mpaka ukipitisha kidole upande wa pili usikie kikwaruzo chembamba kwa urefu wote, hapo geuza. Watu wengi wanafeli hapa, wanageuzageuza kila baada ya mara mbili na hawafiki kwenye makali wanang'arisha mabega ya juu yake tu. Ukishapata kikwaruzo pande zote mbili nenda kwenye 1000, mwisho chukua kikombe cha kauri ukigeuze, ule ukingo wa chini usiopakwa rangi ya kung'aa ni kinoo kizuri mno cha kumalizia, kisha mkanda wa ngozi mara kadhaa. Jaribu kwenye karatasi ya gazeti. Ikikata bila kuchana umemaliza, acha kunyoa mikono tumewaona.

Fundi Cherehani: mwenye kisu kikali ndiye mla nyama 😂 ila mkuu hiyo ya sarafu mbili unategemea upana wa ubapa, kwenye kisu kidogo itakuwa sawa kwenye kikubwa itakuwa imelala sana

Mleta uzi: Kweli kabisa, ubapa mpana unahitaji kuinuka zaidi. Mi nimeongelea vya mfukoni ambavyo upana wake ni kama sentimita mbili.

Mbeba Boksi UK: Niko Reading, nafanya kazi ghala, boksi kutwa. Wabongo tuko wengi huku na kuna dogo alikamatwa na kisu cha kukunja mfukoni akitoka klabu. Elezea na upande wetu.

Mleta uzi: Uingereza sheria yao ya mwaka 1988 iko wazi kuliko ya nchi nyingi. Kisu cha kukunja ambacho hakina loki, na makali yake hayazidi inchi 3 yaani sentimita 7.62, unaruhusiwa kutembea nacho bila kutoa sababu. Kikiwa na loki ya aina yoyote, mahakama zao zinakihesabu sawa na kisu kisichokunjika hata kiwe kidogo namna gani, na hapo lazima uwe na sababu ya msingi kama kazi, na sababu ya kazi saa nane usiku nje ya klabu haisimami. Kwahiyo Opinel namba 8 ile ya pete, kwenu huko ni tatizo mara mbili, ina loki na ni ndefu. Cha Uswisi cha milimita 91 ubapa wake uko ndani ya kipimo. Na hata hicho, ukikitumia kutishia mtu urefu hautakusaidia. Kwa boksi za ghala mi ningebeba kile cha wembe wa kubadilisha mnachopewa kazini na ningekiacha kazini.

Kinoo Butu: Na Bongo je? Maana hapa askari akikupekua akakuta kisu maelezo yako utayatolea kituoni.

Mleta uzi: Hapa ndo nilisema ntarudi kwenye Okapi. Kwetu hakuna kipimo cha sentimita kama cha Waingereza ambacho unaweza kumtajia mtu ukaachiwa. Sheria yetu ya adhabu inaongelea kutembea na silaha hadharani kwa namna ya kutia watu hofu, na Kenya wana kifungu cha namna hiyohiyo, sasa hofu inapimwa na nani? Na yule aliyekusimamisha. Kwahiyo kinachokuokoa ni mwonekano na mazingira. Kisu chekundu kidogo kiko kwenye begi moja na plaisi, tesa na bisibisi, kinajieleza chenyewe, ni cha fundi. Kisu cheusi chenye meno, au Okapi inayolia krr krr, kwenye mfuko wa nyuma saa tano usiku maeneo ya baa, hata ukiwa unatoka kwa shemeji hakuna atakayekuelewa. Na Dar baada ya ile miaka ya panya road, wale vijana waliokuwa wanavamia watu kwa mapanga, watu wana kumbukumbu, ukifungua kisu kwa mkono mmoja ndani ya daladala kile kishindo tu "tak" kinatosha abiria kuanza kusogea na konda kukuangalia mara mbili. Cha Uswisi unakifungua kwa kucha, taratibu, kwa mikono miwili, hakuna anayeshtuka. Hiyo nayo ni sifa ya kisu na haiandikwi kwenye boksi.

Uwanja wa ndege usijaribu kabisa kwenye begi la mkononi, tangu Septemba 2001 hilo lilishafungwa sehemu nyingi duniani, kiweke kwenye begi kubwa linaloenda chini. Uwanja wa mpira, benki, mahakamani, kiache nyumbani. Na kwenye msiba usiniulize, kwenye msiba wewe ndo utaombwa kisu na kila mtu, kikirudi kimekatia ubao.

Jirani wa Mombasa: Sasa mbona nisichukue tu Leatherman nimalize mambo yote, plaisi ndani, kisu ndani, msumeno ndani

Mleta uzi: Leatherman ni kitu cha heshima, wale wa Oregon, Marekani, wametoa ya kwanza mwaka 1983 na mimi ninayo. Lakini ile yao inayoitwa Wave uzito wake unapita gramu 200, kwenye mfuko wa suruali inakuchosha, na swali lilikuwa la kisu cha kubeba kila siku. Inakaa kwenye begi la kazi. Unapotaka kumenya embe hutaki kukunjua plaisi.

Halafu embe, nimekumbuka, kwa wenye visu vya kaboni. Embe, chungwa, limao, ndimu vyote vitaugeuza ubapa kuwa mweusi kijivu siku ya kwanza tu na tunda litakuwa na ladha ya chuma. Usishtuke ukaanza kusugua na stili waya. Ile rangi nyeusi ikishakaa sawasawa inakuwa kinga, kutu nyekundu haipandi kirahisi na ladha inapungua. Wengine wanaharakisha, wanauosha ubapa kwa sabuni utoke mafuta kisha wanautumbukiza kwenye siki kwa muda mpaka ugeuke rangi, wanasuuza na kukausha. Kinachotakiwa kuogopwa ni ile ya rangi ya machungwa. Hiyo ni kutu, itoe siku hiyohiyo.

Dada wa Duka: Mimi ni mwanamke nina duka la vipodozi, nafungua maboksi na nailoni, sitaki lidude la kutisha. Nichukue nini kwa bajeti ndogo? Na nina mtoto anashikashika kila kitu.

Mleta uzi: Dada yangu, Victorinox ya milimita 58, ile inayoning'inizwa kwenye funguo, ina kisu kidogo, mkasi, tupa ya kucha, kibano na kijiti cha meno. Mkasi wake utautumia kuliko kisu, nakuhakikishia. Kwa nailoni na selotepu kinatosha kabisa. Ikiwa maboksi ni yale magumu ya tabaka mbili kwa wingi, kile kidogo kitakuumiza kiganja, hapo panda kwenye Opinel namba 6 au 7, na kwa vile una mtoto ile pete inaweza kuzungushwa kisu kikiwa kimefungwa ubapa usitoke. Bado kiweke juu.

Bajeti ikigoma kabisa, ingia mtumbani, sehemu wanazouza vyombo vya jikoni vya Ulaya, kuna visu vidogo vya kukunja vya zamani vya Ujerumani na Ufaransa watu hawavijui, mpini umechakaa ila ubapa mwembamba hasa. Angalia kama umenolewa mpaka umebaki kipande, angalia springi bado inagonga, angalia kutu kwenye bawaba. Hapo ndo mimi huwa nawashangaa watu, wanapita pale wanaenda kununua kile cha kikomando dukani.

Kinoo Butu: Mkuu nimepita sokoni leo, nimekuta kimoja cha mtumba kimeandikwa Solingen na picha ya paka anaruka, cheusi, mpini wa bati jembamba, ubapa una kutu kidogo. Jamaa anataka buku saba.

Mleta uzi: Hiyo inaonekana Mercator ya Kijerumani, paka mweusi na maandishi ya K55K kwenye mpini. Mgongoni kuna kilimi cha kubonyeza kufunga, hakikisha kinarudi chenyewe. Kama ubapa hauchezi juu chini mpe hiyo saba usibishane, ukirudi nyumbani tupia picha ya stampu humu tuione.